Binti Aliyeizidi Nchi Umri

Binti yetu anaizidi umri nchi anayoishi mama yake. Anaizidi kwa mwaka mmoja na ushei. Alipozaliwa pale hospitali ya misheni, Tosamaganga, nchi hiyo ilikuwa bado kipande cha ardhi huko Ulaya kinachogombewa na wenye nguvu, na sisi hatukuwa tumewahi kulisikia jina lake. Alipoanza kutembea kwa kushika viti, wenyewe wakatangaza uhuru. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nachambua maharage, nikasema vizuri, hongereni, nikaendelea na maharage yangu. Sikujua kwamba itakuja siku nitauhesabu umri wa nchi hiyo kwa miezi, na kuomba huyu mtoto wetu achelewe kukua ili ile nchi imwahi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole, lakini nimezaliwa Ilula. Kwa mama yetu tuliokua ni wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Tulikulia kando ya barabara kuu, vikapu vya nyanya mikononi, tukikimbilia madirisha ya mabasi. Mimi niliwauliza abiria kama wanataka nyanya. Mdogo wangu aliwauliza wanakwenda wapi. Mara nyingi basi liliondoka kabla hajauza kitu, akarudi na kikapu kimejaa na jina jipya la mji, na mama akamchapa kwa yote mawili.

Mtoto alimpata kabla ya kuolewa. Baba wa mtoto alipotea mapema sana na sina nafasi ya kumwandika hapa. Mdogo wangu akapata kazi Iringa mjini, kwa mama mmoja wa Kizungu ambaye ni mwanasheria. Kazi ya mama yule ilikuwa kusaidia nchi za watu kuandika sheria zao. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, maana sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo, mtu kulipwa kwenda kuwaandikia wengine namna ya kuishi kwao. Lakini alikuwa mtu mwema. Alimpenda mdogo wangu, akajifunza kusonga ugali, na Krismasi alitutumia keki ngumu yenye zabibu ambayo hakuna aliyeimaliza.

Mkataba wake wa Iringa ulipokwisha, akaitwa kwenye ile nchi changa. Walikuwa wanahitaji sheria za wageni: nani aingie, nani akae, nani arudishwe. Akamwomba mdogo wangu waende wote. Miaka miwili tu, alisema. Mtoto alikuwa na miaka minne.

Alimleta kwangu mwezi wa saba, Uyole ikiwa kwenye baridi yake ile ya kukuambia urudi kitandani. Alimvisha mtoto sweta mbili, akanikabidhi kadi ya kliniki na mfuko wa nguo. Akaniambia, "Dada, huyu ni wako mpaka nirudi." Nikamwambia huyu ni wangu hata ukirudi. Tukacheka sote wawili. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu baadaye nilitamani sana nisingeyasema, kisha nikatamani ningeyasema kwa sauti zaidi, na mpaka leo sijajua nishike lipi.

Habari za ile nchi zilitufikia kwa simu, Jumapili baada ya ibada. Wahenga wetu sera yao ya wageni ilikuwa sentensi moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi. Kule ilibidi waanze mwanzo kabisa. Mdogo wangu alipokwenda kuandikishwa mara ya kwanza alikuta ofisi yenye meza tatu, harufu ya rangi mpya ukutani, na maofisa vijana wenye adabu waliompa kahawa isiyo na sukari. Wakafungua kitabu wakatafuta aingie fungu gani. Hakuwa mwanafunzi. Hakuwa mke wa mtu wa huko. Hakuwa mkimbizi, na askari wa kulinda amani hakuwa. Wakamwuliza, kwa upole kabisa, kwa nini amekuja, wakati wao wenyewe wote wanataka kuondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Vijana wa nchi ile walikuwa wakihama kwenda kwa majirani matajiri, usiku na mchana, wengine kwa mabasi, wengine kwa miguu. Serikali yao ikawaomba majirani wawafungulie mlango raia wake waingie bila viza. Majirani wakajibu: kwanza tuonyesheni namna mnavyofunga mlango wenu. Basi nchi ikaanza kujifunza kufunga mlango ambao hakuna aliyekuwa akiugonga, isipokuwa mdogo wangu na wachache wenzake. Wakaandika mkakati. Wakaandika sheria. Wakaifanyia marekebisho kabla wino haujakauka. Kila mara mkubwa mmoja kutoka kwa majirani alikuja, akasoma, akasema hapa bado, wakarudi mezani.

Na meza yenyewe ilikuwa ile aliyokuwa akiifuta mdogo wangu. Mama wa Kizungu alifanyia kazi jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Siku moja, rasimu zimetandazwa mpaka karibu na sufuria, alimwuliza: kama sheria ingekuruhusu kuleta familia yako, ungewaleta akina nani? Mdogo wangu akamjibu, "Mtoto wangu, na dada yangu ambaye ndiye mama yake." Mama yule akacheka sana, akaandika kitu pembeni ya karatasi. Mdogo wangu alinisimulia hayo kwa fahari. Tulidhani tumeingia kwenye sheria za Ulaya.

Miaka miwili ikawa minne. Mama wa Kizungu akamaliza mkataba akarudi kwao, mdogo wangu akabaki, akapata kazi jikoni kwenye hoteli. Kurudi nyumbani hata kwa kusalimia ikawa haiwezekani, kwa sababu kanuni mpya ilitaka mtu akae miaka bila kukatiza, na kila kanuni mpya ilipotoka, hesabu ya miaka ilianza upya. Alikuwa akinihesabia siku zake simuni kama mama yetu alivyokuwa akihesabu wiki za mvua. Nilimwambia aache, arudi, nyanya bado zipo Ilula. Akasema, "Dada, nikitoka sasa nitakuwa nimepoteza yote mawili." Sikumuuliza mawili yapi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mtoto alipotakiwa kuanza darasa la kwanza, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Pia kifua kilikuwa kinambana kila baridi inapoingia, na mimi kama mtumishi wa serikali nilikuwa na bima ya afya ambayo ingemtibu kama angekuwa mwanangu kwenye karatasi. Nilikwenda mjini Mbeya kumwandikisha. Nilikuwa na barua ya mtendaji na kadi mpya ya kliniki, ile ya zamani ilishachakaa na mbele hakusomeki. Karani akauliza baba nani, nikamtaja mume wangu. Akauliza mama nani.

Ningeweza kusema ukweli. Fomu ilikuwa na sehemu ya mlezi. Lakini kwetu neno hilo lina kaburi ndani yake. Nilipokuwa mdogo, shuleni Ilula, waliokuwa na walezi walikuwa yatima. Mwalimu alipoita "wenye walezi wasimame," waliosimama ni wale tuliokuwa tumewazika mama zao. Mwenye mama aliye hai haandikiwi mlezi. Kumwandika hivyo ni kumzika mama yake, au kusema amemtupa. Na mimi ni dada mkubwa. Mtoto wa mdogo wangu hajawahi kuwa mtoto wa mtu mwingine. Mama yetu mwenyewe alilelewa na dada wa mama yake, na mpaka anaolewa hakuna aliyemweleza tofauti. Nilimtazama karani machoni nikasema mama ni mimi. Aliandika bila kuinua kichwa. Nilitoka pale nimeridhika, nikanunua mandazi.

Mume wangu, ambaye ni bwana shamba na mtu wa maneno machache, alikisoma kile cheti mara mbili. Akasema, "Hii kalamu yako mwalimu, itakuja kutuuma." Nikamwambia akalime.

Mtoto alikua. Mimi aliniita mama, na mama yake alimwita mama wa Ulaya, na hakuna aliyeona ajabu. Jumapili walizungumza simuni, mwanzoni kwa dakika, baadaye kwa saa nzima. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, watu husema, na mimi nilikuwa naupenda msemo huo kwa sababu ulinipendelea. Lakini binti alipofika kidato cha kwanza nilianza kumkuta amekaa na simu imezimwa, anaitazama tu. Siku moja aliniuliza mama wa Ulaya ana urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono ukutani, hapa. Akasimama pale chini ya mkono wangu, akanyoosha shingo, na nikaona ameshampita.

Alipokuwa na miaka kumi na sita na nusu, ile nchi ilipitisha sheria mpya. Mdogo wangu alinipigia Jumatano, si siku yetu, nikajua kuna msiba. Haukuwa msiba. Alikuwa analia kwa furaha. Hesabu yake ya miaka ilikuwa imetimia, amepewa ukaazi wa kudumu, na sheria mpya inasema mwenye ukaazi anaweza kumwita mtoto wake wa kumzaa, mradi mtoto hajafikisha miaka kumi na minane maombi yake yatakapokubaliwa. Si yatakapopelekwa. Yatakapokubaliwa. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tuliona ni muda mwingi.

Binti aliposikia hakuruka wala kupiga kelele. Aliingia chumbani, akatoka na daftari, akaanza kuandika vitu vya kubeba. Nilipochungulia niliona wa kwanza ni mchele wa Kyela, kwa sababu mama wa Ulaya alikuwa amesema wa kule haunukii. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye kisiki. Nilifurahi, na nilikuwa nimekasirika, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Tukatuma karatasi. Miezi mitatu baadaye wakajibu. Mdogo wangu alinisomea jibu akilitafsiri neno kwa neno, na alipofika katikati sauti yake ikapungua. Sheria inamtambua mama kuwa ni yule aliyetajwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Aliyetajwa kwenye cheti hiki ni mwanamke mwingine, anayeishi Mbeya, Tanzania.

Akaniuliza, "Dada, uliandika nini?"

Nilimweleza. Bima, kifua, darasa la kwanza. Yote yalikuwa kweli na yote yalisikika kama wizi.  Kisha akasema hanilaumu. Ningependa angenilaumu, tungegombana kama zamani, na Jumapili tungepatana.

Alimwandikia yule mama wa Kizungu, ambaye sasa ni mstaafu kwao. Alijibu siku ileile, barua ndefu yenye upole, naye mdogo wangu akanitumia. Alisema kifungu hicho anakijua, yeye ni mmoja wa waliokiandika. Walikiweka ili watoto wasivushwe mipaka na watu wanaojiita mama zao, maana hilo lilikuwa limetokea na watoto wakapotea. Alisema anakumbuka jibu la jikoni, kwamba alilipeleka mpaka kwenye kamati, na kamati ikauliza hao mama wawili watathibitishwa kwa karatasi gani, naye hakuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilisoma barua ile mara tatu nikitafuta pa kumshikia, nikakosa. Kama ningekuwa mimi kwenye kamati ile, ningeuliza swali hilohilo.

Na nalijua vizuri swali hilo. Kabla ya Uyole nilifundisha miaka michache kwenye bonde la Usangu, ambako wafugaji waliotoka kaskazini walikuwa wanaingia na ng'ombe wao na watoto wao. Baba mmoja alinijia na watoto wanne, mkubwa na wadogo, nikamwambia alete barua za uhamisho za shule walizotoka. Akasema huko walikotoka hakukuwa na shule, walikuwa njiani. Nikamwambia basi arudi na barua ya kijiji. Akaniuliza kijiji kipi. Sikuwa mkatili, nilikuwa na daftari la mahudhurio lenye nafasi zake, na watoto wake hawakuwa na nafasi. Aliondoka nao kwa miguu, na sikumwona tena. Wakati ule nililala usingizi mzuri.

Ilibaki njia moja: kuurudisha ukweli kwenye cheti. Tulihitaji ushahidi wa pale alipozaliwa, na kiapo changu, na kiapo cha mwanafamilia mwingine. Nikachukua ruhusa shuleni, mimi na binti tukapanda basi la alfajiri kwenda Iringa. Pale Tosamaganga sista mmoja mzee alituongoza mpaka kwenye kabati la madaftari, akavaa miwani, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Halafu kidole kikasimama. Jina la mdogo wangu, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro, saa kumi na moja alfajiri. Pembeni, kwenye sehemu ya aliyemsindikiza, palikuwa na jina langu. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mimi niliyempeleka, na kwamba nilimshika mkono, na kwamba aliniuma. Binti aliisoma mistari ile akiufuatisha wino kwa kidole, akaniuliza kama kweli mama yake alikuwa anapenda kuuma. Nikamwonyesha kovu.

Tukaendelea mpaka Ilula kwa mama yetu. Amezeeka, hauzi nyanya tena, lakini basi likipita bado anainua kichwa. Nikamweleza tunataka dole gumba lake kwenye karatasi inayosema mimi sikumzaa huyu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hapana.

"Mtoto hakanwi mbele ya serikali," alisema. "Ukimkana, wa kumrudishia ni nani?"

Nikamweleza kwamba si kumkana, ni kusahihisha. Akaniuliza kuna tofauti gani kwa mtoto anayesikia. Binti ndiye aliyemjibu: alipiga magoti mbele ya bibi yake, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba anataka kumwona mama yake hata mara moja. Bibi alitazama barabarani kwa muda. Halafu akaomba ile karatasi na wino. Alipomaliza kubonyeza dole, alisonga ugali mwenyewe, akatulazimisha mimi na binti tule sahani moja, akiwa amesimama juu yetu kuhakikisha. Ilikuwa ugali na mboga za maboga. Hatukubakiza.

Kiapo nilikila Mbeya, mahakamani. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja mfugaji, shuka begani, kaja kutafuta kiapo cha kuthibitisha anakotoka. Karani alikuwa akimwuliza, naye alikuwa akijibu kwa subira, na kila jibu lilizaa swali. Nilitamani kugeuza uso. Nilimtengea nafasi kwenye benchi akae, hicho ndicho nilichoweza.

Zamu yetu ilipofika, karani alinipa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Nikamwomba tuongeze mstari mmoja: kwamba pamoja na kutomzaa, nimemlea tangu akiwa na miaka minne.

"Hapa hakuna nafasi hiyo, mwalimu," alisema. "Hii ni ya kusahihisha tu. Ukiongeza maneno wataona unachanganya."

Hakimu akanitaka nisome kwa sauti. Nimesoma kwa sauti mbele ya watoto kwa miaka ishirini na sita, sijawahi kukwama. Nikasoma jina langu, dini yangu, makazi yangu. Nikasoma kwamba mimi si mama wa mtoto aliyetajwa hapo juu na kwamba maelezo niliyoyatoa awali hayakuwa sahihi. Binti alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilipotoka nje nilimkuta ameshatangulia, amenunua chungwa, amelimenya, akanipa nusu. 

Cheti kipya kilitoka baada ya miezi mingi. Zilikuwa zimebaki siku hamsini na tatu binti atimize kumi na minane. Tulikituma kwa njia ya haraka kuliko zote. Mdogo wangu alikipeleka mwenyewe kwenye ile ofisi, ambayo sasa si meza tatu tena, ni jengo la vioo lenye namba za foleni. Akaambiwa serikali imebadilika baada ya uchaguzi. Sheria ya familia inatazamwa upya, majirani wamesema bado ina mianya. Mpaka kanuni mpya zitoke, maombi yanapokelewa lakini hayaamuliwi. Aliuliza zitatoka lini. Kijana wa dirishani, kwa adabu ileile ya tangu zamani, alimwambia hawajui, nchi yao bado changa, inajifunza.

Basi tukangoja. Sijui niieleze vipi hali ile, maana hapakuwa na la kufanya, na mtu asiye na la kufanya huchoka kuliko mwenye kulima. Nilifundisha, nikasahihisha madaftari, nikapalilia viazi. Binti hakuwa akiuliza. Alikuwa anapiga mstari kwenye kalenda ya ukutani, mpaka siku moja nikaona ameacha kupiga. Mdogo wangu alikwenda kila Jumatatu kuchukua namba ya foleni, akaiweka kwenye mkoba bila kuitupa. Mama wa Kizungu aliandika barua kwa aliowahi kufanya nao kazi. Wengi walikuwa wamehama.

Siku ya kutimiza miaka kumi na minane ilikuwa Alhamisi. Niliamka nikachinja kuku. Binti alikula vizuri, akatusaidia kuosha vyombo. Jioni mdogo wangu alipiga simu, akamwimbia kule na sisi huku, sauti zikapishana kwa sababu ya mtandao. Kanuni zilitoka wiki sita baadaye. Zilikuwa nzuri, mdogo wangu alisema, nzuri kuliko za mwanzo. Zilikuwa hata na kifungu kinachoangalia watoto waliolelewa na ndugu. Lakini watoto. Mtu mzima ajiombee viza yake mwenyewe, kama mgeni yeyote. Faili letu lilirudi na mhuri wa kukataliwa. Na mdogo wangu, ili awe raia aweze kwenda na kurudi, aliongezewa miaka mitatu mingine asiyopaswa kuikatiza.

Nilitamani kusema maneno makali juu ya nchi ile. Nimejaribu, hata hapa, na naona hayaji. Imejitahidi. Imekua wakati mtoto naye anakua, na ilipofika mahali pa kutuelewa, ilikuta ameshapita.

Mwezi uliopita binti alipata nafasi chuo cha uuguzi. Alileta fomu nyumbani tuijaze mezani, mimi nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la tatu. Alikuwa akijaza kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe, herufi kubwa zilizosimama wima. Kwenye jina la mama aliandika la mdogo wangu, akilinakili kutoka kwenye cheti kipya ili asikosee. Kwenye makazi ya mama aliandika jina la ile nchi. Mstari uliofuata ulikuwa wa mlezi. Hapo kalamu ikasimama. Aliniangalia, nami nikajua anakumbuka, maana habari ile ya wenye walezi wasimame nilishamsimulia mwenyewe, nikijisifu.

"Niache wazi, mama?" aliuliza.

Fomu ilisema mwenye sehemu zisizojazwa hatapokelewa. Nilimwambia ajaze. Akaandika jina langu pale, lote, polepole, kisha akanisogezea karatasi nitie sahihi.